Ghala Lililovaa Sufuria

Mpendwa Nekesa,

Huku Kibomet tu wazima, ila goti la nyanyako limenuna. Unauliza kama nimewahi kushindwa kukisia picha imepigwa wapi.

Mara moja, nikiwa kijana wa kazi kwa mpiga picha wa Kitale. Tulishindana kukisia zilikopigwa picha ambazo wateja hawakurudi kuzichukua, na mimi nilikuwa sikosei. Siku hiyo akanionyesha ghala la mahindi lenye sufuria kuukuu juu ya paa. Ni baba yangu pekee aliyejenga hivyo. Mbele ya ghala, mwanamke nisiyemjua na mtoto mwenye pua yangu.

 Lazima ilikuwa Tongaren, alikokwenda baba kila mwezi ati kutafuta mbegu. Na mama yangu, aliyeniletea chakula, alikuwa nyuma yangu.

“Wapi hapo, bingwa?” mpiga picha akauliza.

“Sijui.”

“Leo umeshikwa, bana.”

Mama akaitazama sana ile picha, jicho likakaa kwenye sufuria.

“Hata mimi sijui,” akasema.

Babu yako