Maandishi Mekundu Hayaonekani

Bawshar, 4 Januari 2026

Mwanangu Jaifar,

Assalaam alaikum. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto ndilo lile lile. Khabari za Salalah? Unakula, au unaishi kwa chai tu?

Nna shida na kompyuta. Unajua tulivyokubaliana juu ya kitabu cha ukoo: naandika mimi, babako Suud anasahihisha tarehe, wewe unanyoosha lugha, na neno lolote likiguswa linageuka jekundu, na jina la aliyeligusa pembeni. Basi wekundu umetoweka. Tangu faili liliporudi kutoka kwako, nafuta mstari mzima, kimya. Nimezima, nimewasha, nimeisomea hata Ayatul Kursiy. Usinicheke. Nielekeze polepole.

Shangazi yako,
Bakhita


Salalah, 5 Januari

Shangazi yangu mpenzi,

Waalaikum salaam. Nakula, wallahi. Pole na goti.

Kompyuta yako nzima. Juu, penye neno Kagua, pana kitufe cha Fuatilia Mabadiliko. Kimezimwa. Kibonyeze kiwake, kisha chagua Onyesha Alama Zote. Futa neno moja ujaribu.

Jengine: jamaa zake Nawar kule Qurum wameomba kukisoma kitabu kabla ya kuijibu posa yangu. Tukimalize upesi.

Mwanao,
Jaifar


Bawshar, 8 Januari

Mwanangu,

Salaam nyingi, na goti limepoa kidogo. Nimefanya ulivyosema na wekundu umerudi, Mungu akujaalie. Lakini ni kwa ninayoyafuta leo. Ya nyuma hayaonyeshi kitu.

Jana nilikwenda Hamriya, Loai wa duka la kuchapisha, aliyeisoma nakala ya mwanzo, akanitolea nakala kwa ajili ya babako, maana macho yake hayapatani na kioo cha kompyuta. Akasoma, akaniuliza, "Bibi Mahbuba umemwacha wapi?" Nikatazama. Ukurasa wa kumi na nne wote haupo. Marehemu baba anazaliwa tu, kama hakuwa na mama.

Kompyuta inaweza kula ukurasa mzima peke yake? Nijibu hilo tu.

Shangazi yako,
Bakhita


Salalah, 29 Januari

Shangazi,

Assalaam alaikum. Nisamehe kwa wiki tatu hizi. Mimi mzima wa mwili.

Kompyuta haikula kitu. Ni mimi. Nilizima kile kitufe ili usione, nikamfuta Bibi Mahbuba, nikasahau kukiwasha tena. Mjomba wake Nawar aliniuliza mbele ya watu, mama wa babu yangu binti wa nani. Nawe umeandika wazi kwamba alikamatwa Manyema akiwa mdogo, akauzwa Unguja, akawa suria. Niliona posa inanitoka. Nampenda Nawar, nikajiambia marehemu hataumia.

Fungua barua pepe uliyoniletea tarehe 20 Disemba. Faili la zamani limo, na ukurasa umo. Unakili uurudishe mahali pake. Nimeona haya sana.

Mwanao,
Jaifar


Bawshar, 5 Februari

Jaifar,

Waalaikum salaam. Afya yangu nzuri, alhamdulillahi.

Nimeupata. Sitakudanganya, nimekasirika. Bibi Mahbuba alipofariki nilikuwa na miaka saba. Ni yeye aliyenifundisha kusuka ukili, na mama akinitafuta kunipiga nilijificha nyuma yake, naye akisema hajaniona. Wewe umesema hataumia. Nimeumia mimi.

Ukurasa nimeurudisha, wote kwa wekundu, na faili hili hapa. Juu pana vitufe viwili, Kubali na Kataa. Mimi sibonyezi. Ukikataa, kitabu chako kipeleke Qurum, na changu nitakichapisha bila jina lako. Babako sijamwambia. Atajua kwa kitakachorudi.

Nakupenda, na hilo halina kitufe.

Shangazi yako,
Bakhita


Salalah, 7 Februari

Shangazi,

Assalaam alaikum, natumai goti limepoa kabisa.

Jana nilimpigia Nawar, nikamsomea ukurasa wote kwenye simu. Akaniuliza kwa nini sikumsomea mapema. Sijui ananiwazia nini sasa. Leo asubuhi nimebonyeza Kubali, nikalipeleka faili kwa mjomba wake, na hili ni nakala yako. Hawajajibu.

Kitukuu cha Bibi Mahbuba,
Jaifar