Sentensi Tatu za Furious

Baba Upendo,

Kwa heshima zote, nikiwa nimesimama wima kama mtu anayeimba wimbo wa taifa, nakutangazia wewe na wote uliolala nao jirani huko makaburini kwamba leo asubuhi, nyuma ya mashine ya kukobolea mpunga, kuku wa Mama Eliza alikuwa furious. Nilimwona kwa macho yangu. Alifukuzwa kwenye chenga za mchele, akaondoka hatua tatu kama amekubali, kisha akageuka na kumrukia mtu mzima mguuni. *The hen of Mama Eliza is furious.*

Hiyo ni ya pili. Ya kwanza nimeshaitumia, nitakusimulia. Imebaki moja.

Sheria unaikumbuka, maana uliitunga mwenyewe. Neno moja kwa siku kutoka kwenye ile kamusi uliyoiokota mnadani haina jalada, sentensi tatu kwa kila mtu, na kila sentensi iwe ya jambo ulilolishuhudia. Ya kubuni haihesabiki. Mimi darasa la saba, wewe darasa la saba, na tulikuwa tumefika F. Rujewa nzima walitucheka. "Mama Upendo, mnajiandaa kwenda Ulaya?" Nikawajibu tunajiandaa kwenda G.

Jumatatu ile ulirudi kutoka mashineni na vumbi la pumba mpaka kwenye kope, ukafungua kamusi kabla hata ya kunawa. Ukaniambia furious siyo kukasirika. Kukasirika ni sufuria inachemka. Furious ni mfuniko umeruka. Ukatoa zako tatu hapohapo: mashine ni furious kwa sababu haijatiwa oili, bosi ni furious kwa sababu mashine imegoma, na wewe ni furious kwa sababu wote wawili wanakutazama wewe. Mimi nikasema zangu kesho, leo sijaona mtu wa kiwango hicho.

Kesho yake kifua kikakubana. Ijumaa tukakuzika.

Tangu hapo kila anayeingia humu ananifundisha upole. "Kazi ya Mungu haina makosa, mama." "Hasira hasara." Sikujua kama Kiswahili kina misemo mingi hivyo ya kuzimia moto, na wote wanaoijua walikuja kwenye msiba wako. Nikawa nakaa na neno langu mdomoni, nalizungusha kama kokwa.

Siku ya kuanua matanga, kaka yako mkubwa aliyetoka Kihesa akaitisha kikao cha ukoo. Desturi unaijua: wanaume kwenye makochi, mjane chini kwenye mkeka, kajifunika kanga, na mtu mwingine anamsemea. Wa kunisemea alikuwa mama mdogo, na siku hiyo sauti ikamkauka. Baba mkubwa akasafisha koo. "Sisi kama ukoo tumeona." Mtu akianza na tumeona, ujue alishaamua njiani. Wameona nyumba ifungwe, funguo ziende Kihesa, na mimi na Upendo tukaishi huko chini ya uangalizi wake. Nyumba ni ya ukoo, akasema. "Mwanamke ni wa kuja tu."

Baba Upendo, nyumba hii. Matofali haya tuliyafyatua misimu miwili na tukayachoma kwa pumba za mpunga, na pumba zile nilizibeba mimi, kichwani, gunia kwa gunia kutoka mashineni, Upendo akiwa mgongoni. Yale yaliyoungua vibaya nayajua yalipo. Liko moja juu ya mlango wa jikoni, jeusi, wewe ulitaka kulitupa.

Nikafunua kanga. Nikasema, "I am furious."

Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikaongeza, "The bricks are furious. The roof is furious." Ya matofali na ya bati nilizibuni kidogo, unisamehe, hizo hazihesabiki.

Shangazi yako wa kwaya akapiga ukelele: "Amejazwa! Mama Upendo kajazwa roho!" Akaanza kukemea. Watu wawili wakafumba macho kabisa. Baba mkubwa hakufumba. Akamgeukia Upendo: "We binti, si uko sekondari wewe? Mama yako kasemaje?"

Upendo alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Akasema, "Anasema hatoki."

Nimeishi na kamusi miaka minne, sijaona tafsiri kamili kama ile.

Mwenyekiti wa kitongoji, aliyekaa uani na majirani, naye akaona aulize pumba za kuchomea matofali haya alibeba nani. Majirani wote wakanionyesha mimi, hata Mama Eliza ambaye salamu zetu ni za kulazimishana. Baba mkubwa akatazama ukuta, akaziacha funguo. Nyumba ikabaki.

Lakini ukoo haurudi mikono mitupu. Wakasema basi wachukue kumbukumbu ya marehemu. Kumbukumbu yako ilijaza lori la Fuso: makochi, meza, viti sita vya mninga, mpaka kile kigoda changu cha jikoni ambacho hukuwahi kukikalia hata siku moja. Nikawafungulia geti mwenyewe. Mdogo wako aliona haya. "Shem, usituwekee kinyongo." Nikamwambia sina. Kinyongo ni kitu kidogo.

Sasa ya tatu. Nimeizunguka wiki nzima.

*I am furious with you.*

Ulikohoa mwezi mzima. Nilikuambia twende zahanati, ukasema ni vumbi la pumba tu. Nikakuambia tena, ukasema tumalizie F kwanza. Tumalizie F! Na mimi nikacheka. Nilicheka, Baba Upendo, nikakupa na chai. Umeniacha na herufi ishirini na mtoto mmoja na kuku wa jirani. Wananiambia marehemu hasemwi. Nakusema. Kama inakuuma, inuka unijibu, na ziwe sentensi tatu.

Basi. Neno limekwisha, nimelitumia lote.

Lala salama, mtu wangu. Funguo ziko kwenye pindo la kanga yangu na Kihesa hazitafika. Kamusi nitaipeleka mpaka Z, kila siku zangu tatu na zako tatu, maana sasa ni zamu yangu kumsemea mtu, na sauti yangu haikauki. Nimeshafungua ukurasa. Hapo katikati panya wamekula, kwa hiyo neno la kesho ni furniture.

Barua yote hii nimeiandikia dirishani, nimesimama. Hakuna kiti.