Kabini Moja na Mkwe

Jumapili, baada ya kanisa.
Mahali ninapoandikia utapajua mbele. Usirukie mwisho.

Kwa dada yangu mpendwa Mokeira, Mama Dorine,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Nyabate. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limezoea baridi ya huko Kericho, na yule ng'ombe wa mabaka ameacha kupiga ndoo teke. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kabisa, mbuya mono, isipokuwa usingizi ni haba kwa sababu utakayoisoma.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua kama watu wa zamani na simu ipo. Dada, wewe ukipokea simu unaiweka sauti kubwa juu ya meza. Wajukuu wanasikia, jirani anasikia, na mwenye duka ng'ambo ya barabara anajua nilichokula mchana. Mambo haya ni ya macho yako kwanza. Nimempa barua Chepyegon, binamu wa mkwe wangu Isaiah, anayekuja Kericho kesho kwa pikipiki, na nimemwagiza akuwekee mkononi, si dukani.

Dorine ameniambia kwamba yeye na mumewe watakupandisha Desemba ile meli ya starehe niliyoipanda mimi mwezi wa pili, na kwamba unataka kujua mtu anayesafiri nayo mara ya kwanza ajitayarishe vipi. Nitakueleza yote, ila siwezi kukueleza meli bila kukueleza kabini, wala kabini bila mkwe. Kwa hiyo weka chai karibu.

Unakumbuka ilivyoanza. Isaiah hupeleka maziwa kwenye ushirika wao huko Kimulot. Katika mkutano wa mwaka walifanya bahati nasibu, na jina lake likatoka: safari ya watu watatu kwa meli, kutoka Mombasa hadi Unguja na visiwa vingine, na kurudi. Wakati huo Moureen wangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ile ya kwanza ilivyotoka unajua, wewe ndiye uliyenishika nisianguke pale hospitalini. Safari hii daktari alimruhusu kusafiri, lakini akaonya kwamba mimba ikikaribia mwisho asibebe hata ndoo ya maji, na awe na mtu mzima karibu naye usiku na mchana. Moureen akaniomba nihamie kwao Kimulot wakati huo ukifika. Nikakataa.

Si kwa roho mbaya. Mama mkwe halali katika nyumba ya mkwe wake, basi. Wewe ndiye uliyenifundisha chinsoni zetu, sheria za haya kwa wakwe, kabla hata sijajua kuchuna chai: mkwe hapewi mkono, hali mbele yako, hakuoni bila kitambaa cha kichwa, na kitanda chake usikitupie jicho. Siku ya mahari ya Moureen ulisema mbele ya watu kwamba nikithubutu kulala kwake, kwako nisikanyage. Kwa hiyo nikamwambia mtoto wangu nitakuwa nikija asubuhi na kurudi jioni. Kutoka kwangu Chepilat mpaka Kimulot, na barabara ile! Hata mimi nilijua yale ni maneno ya mdomo tu. Moureen hakugombana nami. Alisema basi angalau tupumzike pamoja melini, maana meli si nyumba ya Isaiah. Hapo sikuwa na sheria ya kumjibu, nikakubali.

Sasa jambo la kwanza la kujua, dada, ni maana ya kabini. Mama wa ushirika alisema tumepewa kabini ya familia. Mimi nikasikia familia, nikaona boma: huku nyumba ya wazee, kule ya vijana, katikati uwanja wa heshima. Tulipopanda tukapita korido ndefu, milango imefuatana sawasawa na nyumba za wafanyakazi wa kampuni za chai. Moureen akagusisha kadi mlangoni, mlango ukafunguka. Chumba kimoja! Vitanda vitatu, kimoja kimechomoza ukutani juu ya kingine, na juu ya hicho cha chini tayari kulikuwa na suruali ya mkwe wangu.

Niligeuka kukimbia, nikamkuta Isaiah nyuma yangu naye amekwisha kuiona hatari. Yeye alikimbilia kushoto, mimi kulia. Usidhani Wakipsigis wa kwao hawana haya. Kwa mama mkwe wanaweza kutushinda sisi Wakisii. Moureen alibaki katikati ya korido akicheka mpaka akashika tumbo.

Nikaenda mapokezi. Msichana wa pale, mgeni wa nchi za mbali, alijitahidi sana kunielewa. Nilipomwambia siwezi kulala chumba kimoja na mume wa binti yangu, aliinama akaniuliza kwa upole kama mkwe huyo amenipiga. Nikasema hapana, ni mtu mzuri sana, ndiyo sababu siwezi. Maskini, alizidi kupotea. Aliyeniokoa ni mhudumu mmoja aitwaye Jackton, kijana wa Ahero. Hakuningoja nimalize. Alisema hata kwao mambo ni hayohayo, akaenda akanitafutia kitanda katika chumba cha mama mzee wa Nyeri aliyesafiri peke yake. Mama huyo alikuwa mcha Mungu na mkarimu, ila akilala anakata miti ya msitu wa Mau wote. Kwa hiyo mwambie Dorine aulize mapema kabisa, na aulize vyumba, si familia.

Kabla meli haijaondoka wanapiga king'ora, nanyi mnakusanyika mahali penu kufundishwa kuvaa jaketi la kuelea. Usiogope kama nilivyoogopa mimi. Nilikwisha kuanza kuungama dhambi. Wenye kabini moja wanasimama pamoja, na kwenye karatasi zao mimi bado nilikuwa wa kabini ya Isaiah. Mkanda wangu ukakataa kufunga. Mwalimu akamwamuru Isaiah amsaidie mama yake, tena haraka. Isaiah aligeuza uso ukutani, akanyoosha mkono mmoja nyuma, akawa anapapasa hewani akiutafuta mkanda bila kunigusa. Mimi nami nikawa narudi nyuma. Tulizunguka hivyo mpaka Jackton akaja akaufunga, na watu wakatupigia makofi wakidhani ni mchezo.

Kuhusu mizigo, beba sweta. Utadanganywa kwamba Pwani ni joto. Ndani ya meli kuna baridi ya mashine inayopita ya Kimulot mwezi wa saba. Beba viatu vya chini visivyoteleza, na tangawizi. Usibebe maziwa ya kibuyu. Mama yake Isaiah alitupa mursik wa njiani, na askari wa bandarini alipofungua kibuyu akakutana na ule mkaa unaopakwa ndani na ile harufu, alimwita mkubwa wake, na mkubwa akamwita mkubwa mwingine. Kibuyu kilibaki Mombasa, na Isaiah alikitazama kwa huzuni mpaka tukakata kona.

Chakula chao hakiishi, na hicho ndicho kitakachokuumiza. Siku ya kwanza nilijaza sahani kama niko harusini nikidhani nimepata zamu yangu. Kumbe unaweza kurudi mara upendazo, na hakuna mtu anayekutazama vibaya. Chukua kidogo, onja, kisha urudi. Chai usiitegemee. Watakupa maji ya moto na kipakiti chenye uzi, na maziwa kidogo ya kutosha paka. Sisi tunaochuna majani mazima mazima, dada, kunywa uzi ni kuonewa.

Bahari ikianza kutikisa usikimbilie kitandani. Kaa katikati ya meli, sehemu za chini, tafuna tangawizi, na ukiweza kuona nje, tazama mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Tumbo lisiwe tupu. Mimi nilijifanya shujaa nikafunga kula, na usiku kucha yule mama wa Nyeri akaacha kukoroma ili aniombee. Na mkishuka Unguja, rudini mapema. Meli haimngoji mtu. Tuliwaona bwana na bibi wakikimbia gatini na vikapu vyao vya karafuu huku sisi wengine tukiwashangilia kutoka juu.

Bwawa la kuogelea, kama mkwe yuko melini, lizunguke kwa mbali. Mimi na Isaiah tuliishi siku zile kwa kuviziana. Nikipanda ngazi za mbele, yeye hushuka za nyuma. Akifika kwenye kona anakohoa kwanza, nami nikisikia kikohozi naingia mlango wowote ulio wazi. Mara moja niliingia kwa kinyozi nikalazimika kunyolewa. Moureen alikuwa askari wa barabarani, akituelekeza nani apite. Tulicheka sana, lakini nilimwona jioni miguu imevimba na uso umechoka, na kicheko changu kikaanza kuniuma. Nilikuwa najua anachotaka kuniuliza tena, na nilijua kwa nini haulizi.

Siku ya mwisho nilikuwa nimekaa nje peke yangu, Moureen amelala. Nikasikia kikohozi. Nikajiandaa kuondoka, ila Isaiah hakuja mbele. Alisimama mbali kidogo, akanipa mgongo, akaanza kuongea na maji. Unajua si mtu wa maneno. Alisema, “Mama, mimi naogopa. Ile mtoto ya kwanza ilituacha, na Moureen usiku hapati usingisi. Kama shida ni nyumba yangu, mimi nitatoka. Nitakaa kwa ndugu yangu, wewe ukae na yeye. Nyumba si kitu.” Halafu akaenda zake bila kungoja jibu.

Tulirudi nyumbani, mimi nikarudi Chepilat kwenye chai yangu. Niliendelea kwenda Kimulot asubuhi na kurudi jioni siku nilizoweza. Kisha mvua za mwezi wa tano zikafungua mbingu. Alasiri moja lori la majani lilikwama kwenye matope chini ya boma lao, hakuna gari lililopita wala pikipiki. Moureen alikuwa na maumivu ya mgongo yasiyoisha. Nikiwa nimesimama mlangoni na mwavuli, sijui niende wapi, nilimwona Isaiah akitoka chumbani na kitanda. Alikuwa amekifungua mbao, amezibeba begani, godoro kichwani, anakwenda kwa ndugu yake kwenye mvua ile. Hakuniangalia wala hakulalamika. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake alikuwa anaiacha ili mtoto wangu apate mama.

Dada, sasa nasema, na nasema bila kuzunguka. Nilimwita kwa jina. Nilimwambia arudishe kitanda ndani, kwa sababu sikumzaa Moureen ili nimfukuzie mume. Nikakunja mwavuli, nikaingia, nikalala katika nyumba ya mkwe wangu. Sijalala Chepilat tangu siku hiyo. Barua hii naiandikia hapa Kimulot, kwenye meza yake, na yeye yuko nje anakamua. Ulisema nikifanya hivi kwako nisije. Nimefanya, na ningefanya tena leo.

Bado tunaheshimiana, usidhani tumekuwa watu wa mjini. Yeye anakula jikoni, mimi sebuleni, na kikohozi chake kinajulikana hata na kuku. Tumekubaliana kupeana mbuzi wa kusafisha mwiko tuliouvunja, yeye wake na mimi wangu, wazee wa pande zote mbili watuombee. Lakini kuna jambo moja ambalo mbuzi hatalifikia, nalo nimekuachia mwisho kwa kusudi.

Alhamisi Moureen alijifungua, dada! Ni msichana, mzima, ana nywele nyingi, na analia kwa sauti yako. Moureen naye yuko salama, anakula uji na kuamuru kila mtu. Niliwakataza wasikupigie simu, maana nilitaka usikie habari njema na habari mbaya kutoka kwangu, kwa pamoja, uone kama unaweza kuzitenganisha. Mimi nimeshindwa.

Pale zahanati nesi alimfunga mtoto shuka akampa baba yake. Isaiah alimtazama, machozi yakamtoka, akasahau mila zote za Wakipsigis na za Wakisii. Alikuja moja kwa moja kwangu, uso kwa uso, akaniwekea mtoto mikononi, na mikono yetu ikagusana. Alishtuka, akataka kurudi nyuma. Nikamwambia asirudi, amshike kichwa vizuri. Tukamshika pamoja, mkono wake chini ya wangu, na sikuona haya hata kidogo. Niliona furaha tu.

Nisalimie Dorine na mumewe, nisalimie wajukuu wote na jirani yako, na mwenye duka pia, maana atauliza. Mungu akutunzie goti na roho. Njoo umwone mtoto. Najua hutalala katika nyumba hii, wala sikulazimishi. Njoo asubuhi urudi jioni. Lakini Isaiah amesema nikuambie kwamba kitanda kipo, na kama shida ni nyumba, yeye atatoka.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Nyabate, nyanya wa mtoto.