Salamu za Siku ya Malai

Malindi, Jumatano baada ya sala ya adhuhuri

Mama yangu Bi Zuhura,

Shikamoo. Ukishaitikia, naomba radhi zako, kisha naomba habari zako: kifua kimetulia? Lile goti la kushoto bado linakusumbua ukipanda ngazi? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kanzu ulizonishonea sasa zinanibana, kwa hiyo wasikudanganye watu kwamba Malindi kuna njaa. Na wewe Saidi mdogo wangu, unayemsomea mama, soma polepole na usiruke maneno. Nakujua.

Kazi inakwenda vizuri, mama. Bado niko dukani kwa Bwana Lalji, yule Mhindi niliyekueleza, na sasa ananiamini mpaka ananiachia funguo anapokwenda Magarini kununua mahindi na ufuta. Lakini kilichonipa jina katika mji huu ni malai. Bwana Lalji alikuwa akiyafanya hata kabla sijaja, ila yake yalikuwa na chembechembe, unatafuna kama mchanga. Nilipomwambia kwamba kwetu Unguja nimezungusha malai tangu ndevu hazijaota, akanikabidhi pipa. Barafu huagizwa Mombasa, huja na meli ya moshi ikiwa imefukiwa katika unga wa mbao na kufungwa magunia, na ikifika nusu yake imekwisha kuwa maji. Iliyobaki tunaivunja na kuipanga pamoja na chumvi ya mawe ndani ya pipa, katikati tunaweka kopo la maziwa yaliyochemshwa na sukari na iliki, nami nashika mpini nazungusha mpaka mkono unakufa ganzi. Siku hiyo mji mzima unajua. Wanakuja wenye majumba ya mawe, wanakuja Wahindi, wanakuja watu wa mashamba waliolala mjini makusudi, kila mtu na chombo chake na gunia bichi la kukiviringishia. Wakionja, wananiita Fundi. Hilo nimeliandika ili Saidi alisome kwa sauti.

Unakumbuka marehemu baba alivyokuwa akituletea malai siku za Ijumaa? Ananunua Darajani bakuli limejaa pomoni, na njia nzima kila anayekutana naye anamfunulia: karibu, onja. Akifika nyumbani amebakiwa na nusu, nawe unamwambia kwamba hukuolewa na mume, umeolewa na baraza. Hata hivyo ulikuwa ukicheka. Mimi nimekua nikijua kwamba mtu mwungwana hapiti na chakula mbele za watu bila ya kuwakaribisha. Nimeyakumbuka sana mambo hayo hapa, na kuyakumbuka kwenyewe kulitaka kuniponza.

Sasa nikutajie jambo ambalo sikukuandikia mwanzo, nikingoja liive. Nimeposa. Binti anaitwa Mwanaisha, babake ni Mzee Athmani, mwenye shamba la minazi na mihogo upande wa Magarini na nyumba hapa mjini karibu na msikiti. Nimemwona mara mbili tu, akipita dukani na mama yake, na mara zote mbili nilipima sukari vibaya. Nampenda, mama, naliandika hivyo hivyo bila kulizungusha. Aliyenipelekea neno ni Bi Rukia, shangazi yake marehemu baba, ninayekaa kwake. Mzee Athmani hakukubali wala hakukataa. Alisema mtu mwenyewe ni mgeni, kwa hiyo atamtazama kwanza.

Basi, meli ya mwezi uliopita ilipokuja, Bi Rukia alikuwa na homa kali. Uji haupiti, chai haipiti, akasema kitu pekee anachokitamani ni kijiko cha malai. Nikajaza chombo, nikakifunga gunia bichi, nikaondoka mbio. Kwenye pembe ya msikiti nikakutana uso kwa uso na nani? Mzee Athmani. Nikasema moyoni, leo ndiyo siku yangu. Nikatua chombo chini, nikamwamkia, nikamuuliza habari za nyumbani, za shamba, za mihogo, za mvua, naye ananijibu moja moja huku ananitazama tu. Kisha nikafungua gunia, nikafunua chombo, nikamkaribisha aonje. Akasema ahsante, ameshiba. Nikaagana naye nikijiona kijana wa adabu kuliko vijana wote wa pwani. Nilipofika nyumbani malai yalikuwa maziwa. Bi Rukia akayanywa kidogo, akageukia ukutani.

Kesho yake Mzee Athmani akaja dukani kununua mafuta ya taa. Sikumwuliza kitu, yeye mwenyewe akaniinamia akasema kwa sauti ya chini:

“Mgonjwa yuwangoja nyumbani, nawe wafungua chombo njiani unipendeze mimi. Binti yangu nikikupa, ataugua, nawe utakuwa barazani wawapendeza watu.”

Mama, nilibaki na kibuyu cha mafuta mkononi sijui nikiweke wapi. Bwana Lalji ndiye aliyenieleza baadaye. Kumbe watu wa hapa, kwa kuwa barafu inatoka mbali, wamejiwekea ada yao. Aliyebeba malai hasimami. Hata akiitwa na kadhi, hujibu “Mkono una baridi,” na wao humwambia, “Pita, utatulipa.” Akifika nyumbani kijiko cha kwanza humpa mgonjwa kama yupo, au mkubwa wa nyumba, wengine wanafuata. Halafu hurudi njia ile ile, siku hiyo hiyo, akawalipa salamu wote aliowapita, mmoja mmoja, kwa kirefu. Asiyerudi kulipa ndiye mkosa adabu. Hakuna aliyeniambia kwa sababu nilikuwa nimejigamba sana kwamba natoka mji wa barafu, wakadhani najua kila kitu. Nilikasirika siku nzima, kisha nikaona nina kazi moja tu, kungoja meli nyingine.

Imekuja Jumamosi. Bi Rukia homa imempungua lakini bado hainuki kitandani, na bado malai ndiyo ombi lake. Nikazungusha, nikawapimia watu, chombo changu nikakijaza mwisho, nikashika njia. Barazani kwa msikiti wamekaa wazee, na Mzee Athmani katikati yao. Aliponiona akaniita kwa jina. Nikasema, mkono una baridi. Wengine wakanijibu nipite, ila yeye akapaza sauti:

“Suleimani! Mama yako hajambo?”

Mama, hapo miguu ilitaka kusimama yenyewe. Mtu kuulizwa hali ya mama yake, tena na mzee, tena na mzee huyo, akapita kama hakusikia! Nikajibu tena kwamba mkono una baridi, nikapita.

Nyumbani nilimkuta Bi Rukia ameegemea mto. Malai yalikuwa magumu, kijiko kinasimama. Alikula kijiko, akala cha pili, akafumba macho akasema baridi imemshuka mpaka tumboni, na akaniomba cha tatu. Alipotosheka nikamfuta mdomo, nikanawa, nikavaa kofia yangu nzuri, nikarudi barazani kulipa.

Nililipa wote. Wa mwisho akawa yeye. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea nafasi nikae. Aliuliza Bi Rukia amekula, nikasema amekula. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nami nikaona mambo yangu yameshatengenea, nikangoja aseme neno la posa. Badala yake akasema:

“Nilikuuliza hali ya mama yako. Sasa nijibu.”

Nikafungua kinywa niseme hajambo, kama tunavyosema sote. Lakini alikuwa akinitazama machoni, na nikaona kwamba kweli sijui. Barua yako ya mwisho ilinifika kabla ya masika, na wewe ndani yake ulisema tu kwamba kifua kinabana na nisiwe na wasiwasi. Nikamwambia, Mzee, sina jibu. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika hata kidogo. Alinishika bega.

“Basi kalilete. Ukija na mama yako, nitakaa na yeye kwanza, yako tutayasema baadaye.”

Nimelala na maneno hayo siku nne, na sioni aibu tena, naona njia. Nimemwomba Bwana Lalji ruhusa, amenuna kidogo kwa ajili ya pipa lake, kisha ameniruhusu. Bi Rukia majirani watamwangalia, na yeye mwenyewe ndiye anayenihimiza nitoke.

Nisalimie mjomba Hamadi fundi cherehani, mwambie kanzu ya harusi asimpe mtu mwingine kuishona. Nisalimie dada Mwanahawa na mumewe mpiga makasia, na yule bibi jirani wa chini anayekuchotea maji, na mwalimu wa chuoni aliyenichapa nikajua kuandika. Saidi nitamsalimu mwenyewe.

Barua hii naitanguliza na mtu wa Bwana Lalji anayeondoka kesho alfajiri. Mimi nashika meli ya kwanza itakayoteremka kusini. Ukiwa na nguvu, utarudi nami ukae na Mzee Athmani. Ukiwa huna, nitakaa mimi kitandani pako, na Mwanaisha na babake watangoja. Kwa hiyo, mama, nilipouliza hali yako huko juu, usimwambie Saidi aniandikie majibu. Nakuja kuitazama kwa macho yangu.

Mwanao anayekupenda,
Suleimani