Mutoto Aliyevaa Gilet ya Mwisho

Ngoie, mutoto wangu, mama yangu mudogo,

Jumamosi tunamaliza matanga yako. Bajomba bako bamekuja toka Kaniama na mbuzi, shangazi zako banatwanga muhogo, viti tumeazima ku kanisa. Kila kitu iko tayari, paka weye njo hauko. Miezi yote hii nilikataa. Nilibaambia: banazikaka mutu, habazikake picha. Leo nimeitika, na nimetaka weye njo usikie wa kwanza, toka kwa minyi mwenyewe, juu ya nini nimeitika.

Bantu ba hapa bangali banashangaa. Mutoto wa Kamina, pahali mayi iko ya bomba na ya mvua tu, alijifunzia wapi kupanda ubao juu ya ziwa? Minyi nabajibu: alijifunzia hapa hapa, ku kitenge yangu. Unakumbuka? Ilikuwa kiangazi, upepo inabeba vumbi ya reli na kuitupa mu sahani za bantu. Nilikuwa nimefua ile kitenge ya maua, nikakupa uianike. Weye ukashika ncha mbili, upepo ikaijaza, na nikaona mutoto wangu anaenda, visigino vinachora njia mu muchanga, mpaka kule mwisho ya nyumba za kampi ya reli.

"Ngoie! Kitenge yangu!"

"Mama, minyi sikimbie! Njo yeye ananikimbiza!"

Majirani balicheka mpaka bakakaa chini. Minyi sikucheka. Nilisema mu moyo: huyu, hatakaa Kamina.

Na baba yako njo alikupa ile fundisho ingine. Alikuwa chef de train, mukubwa wa treni, unajua vile alipenda kazi. Akirudi nyumbani, mbele ya kuvua viatu, minyi namuuliza: "Imefika yote?" Yeye anajibu: "Yote." Njo salamu yetu, hatukuwa na ingine. Siku moja alikupeleka ku gare ya treni, akakuonesha. Alikuambia kichwa ya treni kila mutu anaiona, juu inapiga kelele. Mutu wa gare haangalie kichwa, anaangalia mukia. Ku wagon ya mwisho banatundikaka taa nyekundu. Ukiona ile nyekundu imepita, unajua treni iko nzima. Usipoiona, basi kuko wagon imebaki nyuma mu pori, na treni ingine isiachiwe njia. Toka siku ile ulikuwa unasimama ku gare, na mbele ya chef ya gare kufungua kinywa, weye unalia "Yooote!" mpaka bageni banashtuka.

Reli ile ile njo ilikupeleka Kalemie kwa shangazi yako. Ulipata kazi ku plaji, kulinda voile za bageni, zile mbao za tanga zenye kuteleza juu ya mayi, kuzifua chumvi ya jasho yao na kushona mahali zimepasuka. Halafu ukapanda moja. Halafu ukafundisha. Minyi nilisoma mpaka darasa ya tano ya primaire, sijui kuogelea ata mu beseni, lakini mutoto wangu, mutoto mwanamuke, alikuwa anasimamisha banaume juu ya mayi. Nilisema vile mu soko yote. Mama Kasongo, muuza majani ya sombe, akaniuliza, na ile mudomo yake:

"Mama Ngoie, mutoto wako anatembea juu ya mayi kama Yesu?"

"Yesu alitembea, mama. Wangu anakimbia!"

Akanirushia jani ya sombe. Lakini kesho yake alikuja kuniomba picha yako, amuoneshe mukwe wake.

Kumbuka Noeli ile ulikuja. Ulikuwa na mawazo mu kichwa, ata sahani ya bukari haukumaliza. Ulitaka kupeleka bantu kikundi, safari ndefu, upepo inabasukuma pembeni ya ziwa mpaka Kalemie mujini. Ulitandika kitenge yangu chini, ukasema: hii njo ziwa. Mwiko ikakuwa pembeni ya nchi kavu. Bantu bakakuwa mbegu za mahindi. Baba yako akakaa ku kiti, nikakaa ku mukeka, tukakusikiliza kama bantu ba kanisa.

Ukasema tutaenda paka na upepo ya kiangazi, ile inatoka ziwani na kupita upande upande, inasukuma mutu kuelekea nchi kavu. Ile inatoka ku milima, ata ikuwe nzuri namna gani, hatuanze nayo, juu inakupeleka kati kati. Ukaweka vipande vya mukaa pembeni ya mwiko: hapa na hapa na hapa mutu anaweza kutoka, kwingine ni mawe. Ukapanga mbegu mbili mbili.

"Juu ya nini mbili mbili?" nikauliza.

"Kila mutu aangalie mwenzake, mama. Na wa mbele asikimbie kupita yule wa polepole zaidi."

"Na mutu akichoka?"

Ukajipiga kichwa na mukono, mara mingi. "Akifanya hivi, anataka kutoka. Na mumoja akitoka, bote banatoka." Ukaweka kifuniko ya chupa mu kitenge: pirogi, mutumbwi mudogo ya motere, inafuata. Ukaweka kingine ku mwiko: Sadiki, yule kijana wa familia ya bachuruzi ba Maniema, na pikipiki yake, anafuata ku barabara. Na bavuvi na mutumbwi yao ya nguvu bangoje pale mwisho, mpaka habari ije kama bote bamefika.

"Na minyi niko wapi?"

"Weye, mama, uko ku teleponi."

Baba yako alihesabu mbegu na macho. Halafu akainama, akasukuma mbegu ya mwisho na kidole. "Treni yako haina mukia. Bantu ba kule batajuaje iko nzima?"

Uliangalia ile mbegu. Uliinuka, ukaenda mu chumba, ukarudi na kipande ya kitambaa nyekundu, ukakiweka juu yake. "Wa mwisho atavaa gilet ya kuelea, ile nyekundu," ukasema. "Na wa mwisho ni minyi."

Nilipiga makofi, Ngoie. Nilipiga makofi kwa mikono hii.

Na ilifanya kazi! Kila safari, nikiwa ku meza yangu ya unga, teleponi inalia: "Mama, imefika yote." Minyi nasimama, natangazia soko yote, na yule ananunua saa ile namuongezea unga juu ya meka, ile kopo ya kupimia. Bantu balikuwa bananiuliza: "Mama Ngoie, leo batoto ba mayi habaendi?" Balikuwa banataka unga ya bure.

Siku ile pia ililia. Haikuwa sauti yako, ilikuwa ya Sadiki. "Mama, imefika yote! Ngoie angali mu pirogi, nimeona gilet." Nilicheza, mutoto wangu. Nilizunguka meza nikicheza, Mama Kasongo ananipigia sahani. Unga niligawa bila kupima. Nilikuwa ningali nacheza pale ilipolia tena.

Leo najua vile ilikuwa, juu Dieudonné amekuja. Yule uliyemufundisha, mwenye kulia chozi kama mutoto akianguka mu mayi. Amefika na treni juma iliyopita, na gilet yako mu sachet ya plastiki. Alikaa ku kiti ya baba yako bila kuangalia mutu. Akasema upepo iligeuka, ikatoka ku milima. Ulijipiga kichwa, bote bakatoka, paka yeye. Voile yake ilikuwa imeanguka, kamba zimemufunga miguu, gilet yake imepasuka, na upepo inamubeba. Ukamufuata. Ukakata kamba. Ukamuvalisha gilet yako. Pirogi ikakuja, lakini mawimbi ilikuwa imeijaza mayi, haikuweza kubeba bantu babili. Ukamusukuma ndani yeye.

"Alikuwa na uoga?" nikamuuliza. "Usinidanganye, papa."

"Alikuwa anacheka, mama. Alisema, 'Minyi niko na ubao. Mukia inafikaka ya mwisho. Nyinyi mupelekeni huyu.' Na minyi akaniambia: 'Dieudo, ukifika, baambie mukia iko nyuma.' Nilifika, mama. Nilikuwa natapika mayi. Kinywa haikufunguka."

Na Sadiki, kule juu ku kilima, alikuwa ameona nyekundu mu pirogi. Alifanya vile ulimufundisha. Alilia "Yote!" Bavuvi balipoisikia, bakageuza mutumbwi, bakarudi kwao. Mpaka pirogi kugusa muchanga na mwenye motere kusema "Ngoie eko nyuma," mpaka kukimbilia bavuvi na kubarudisha, upepo ilikuwa imekwisha kukuchukua.

Baba yako alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema polepole: "Taa ya mukia, habaitoe ku wagon mbele ya treni kuingia. Nilimufundisha."

Nilimurukia. "Kwa hiyo angeacha mutoto wa bantu akufe?"

"Hapana, Mama Ngoie. Nasema tu sheria." Akashika gilet, akaigeuza, akaangalia mushono. "Ata minyi ningeitoa."

Unajua juu ya nini nilikuwa nakataa matanga? Nilikuwa nasema: upepo ile inaenda ng'ambo, Tanzania. Mutoto wangu anajua upepo, atakaa juu ya ubao, atafika mu kijiji fulani, hana teleponi, hana pesa ya kurudi, atakuja siku moja na kanga za kule. Kila treni ya Kalemie nilikuwa natenga sahani yako. Nikamuambia Dieudonné vile. Akainamisha kichwa. Akasema bavuvi ba ng'ambo bamekwisha kuleta habari. Ubao yako ilifika, Ngoie. Ilifika kule peke yake.

Njo vile nimeitika.

Akaniomba kitu ingine tena. Kiangazi inakuja, banataka kufanya safari tena, na plan yako. Akasema: "Mama, ukikataa, hatuendi." Bajomba bako balitaka nimufukuze. Minyi nilimupa bukari na samaki, akakula, halafu nikamuambia: endeni. Gilet beba, minyi sitaifanyia kitu, nikiiona mu nyumba nitakuwa naitika "yote" kama kichaa. Lakini mutabadilisha kitu moja. Mutu asilie "yote" juu ameona rangi. Aende mpaka ku uso ya kila mutu. Amuite jina. Na yule mutu ajibu na kinywa yake mwenyewe. Asipojibu mumoja, bavuvi babaki ku mayi, ata usiku iingie. Dieudonné aliandika ku mukono wake na bic, mbele yangu.

Kwa hiyo sasa plan yako iko na mama ndani. Niliambia Mama Kasongo vile, na kichwa juu, kama zamani. Hakunichokoza. Alinishika mukono tu, na pale nikajua bantu bamemaliza kukungoja.

Usifikiri ile inanipa nguvu, Ngoie. Hainipe kitu. Kikundi yako haikupoteza mutu ata mumoja, hiyo nitaisema mpaka nikufe, bote beko nyumbani kwao banakula. Nasifu mutoto ambaye plan yake ilibarudisha bote, na nikimaliza kusifu nyumba inakuwa kimya, na nasikia ile kimya mu masikio kama mayi.

Jana treni ya Kalemie ilipita. Baba yako, na muguu yake ile mubaya, alienda ku gare kama anavyofanyaka kila mara. Alisimama mpaka wagon ya mwisho ipite na nyekundu yake. Nilimuona anarudi, polepole, pembeni ya reli. Sikutaka kumuuliza, lakini kinywa imezoea.

"Imefika yote?"

Alikaa. Alivua kiatu moja, halafu ile ingine, akaziweka pamoja pembeni ya mulango.

"Imefika," akasema.

Enda na amani, mama yangu. Jumamosi batasema jina yako kwa nguvu, na hakuna mutu atajibu.

Minyi, mama yako, ambaye bantu bataniita paka Mama Ngoie.