Wahenga wa Baba Mdogo

Jumatano, 3 Julai

Nimeshona sare sita. Umeme ukakatika mchana, nikafunga kibanda changu cha Kanyenye, mjini. Kufika nyumbani nakuta ujumbe wa Baba Mdogo kwenye grupu la ukoo: wahenga walisema mjane hakai kwenye makaburi ya ukoo. Maana yake Mama atoke nyumbani kwetu Kwihara, kwenye shamba alikozikwa Baba. Baba ana miezi mitano tu kaburini! Wahenga gani hao?

Ijumaa, 5 Julai

Nimeuliza wazee wawili wa Kwihara. Hawajawahi kuusikia msemo huo. Ila wamemwona mnunuzi akipima shamba kwa hatua, Baba Mdogo kamtangulia. Mwongo mkubwa. Alipooa mke wa pili, wahenga. Aliponitoa shule, wahenga. Hakuna anayebisha, watu wanaogopa laana, na wafu hawana pa kukanushia.

Mama kashaanza kufunga vyombo. Nimemfokea. Nimejuta.

Jumapili, 7 Julai

Kikao cha ukoo. Baba Mdogo kaanza na wahenga, kamaliza na wahenga. Mama kainamisha kichwa. Mori umenipanda. Kisha Baba Mdogo kanigeukia kwa mazoea: "Bibi, nawe wasemaje?"

Mimi nimerithi jina la bibi yake, Nyamizi. Kwetu anayepewa jina la marehemu huitwa alivyoitwa marehemu, basi tangu natambaa ananiita Bibi. Na huyo Nyamizi mumewe alibeba mizigo ya watu kwenda pwani, hakurudi. Nyamizi akabaki palepale Kwihara, akalima, akalea.

Nikamjibu: "Bibi yako anasema mjane anabaki. Mwenyewe alibaki."

Shangazi, dada yao, akapiga vigelegele. Wazee wakasema bibi kashanena, tufunge kikao. Baba Mdogo kaondoka bila kula.

Wote wananipongeza. Sina furaha. Nimezaliwa pale, nimemzika baba yangu pale, na nilipoyasema hayo kwa jina langu kwenye msiba, kwamba Mama abaki, walitia pamba masikioni. Mpaka niwe maiti ndipo nasikilizwa. Inanichefua.

Jumanne, 9 Julai

Nimelala Kwihara. Mama yuko uani anapepeta karanga, anaimba kidogo. Baba Mdogo kapiga simu asubuhi. Mnunuzi kaambiwa asirudi. Nikamwamkia, akaitika marahaba. Hakuniita Bibi. Nadhani hataniita tena. Imeniuma, sikutegemea.

Nimeenda kumsaidia Mama karanga.