Ile Filimu Imekula Firigisi Yangu

Mama Mushauri, wewe unayesikilizwa redioni hapa Kasongo mpaka kule Wamaza, nisaidie kabla hasira haijanimaliza.

Mimi Salomon ndiye niliyetunga muchezo wa Kuku ya Ukweni. Ndiyo, ule ule uliochezwa miaka kumi na mmoja kwenye sikukuu ya parokia, watu wakitoka Lusangi kwa miguu, viti vichwani.

Sawa. Sikuutunga. Najua utacheka, maana aliyeutunga ni marehemu baba yako, katekista Fidèle, na wewe Léocadie ulikuwa mutoto mwenye makamasi unayekaa mustari wa mbele. Mimi nilikuwa navuta kamba ya pazia. Lakini nakuuliza, muchezo bila pazia iko muchezo? Iko watu wanaogombana tu, na hiyo tunayo kila siku bila katekista.

Kwa wale waliozaliwa juzi niwaeleze. Maua ni muke wa mutu. Siku moja bwana yake anapokea wageni, kuku inachinjwa, sahani inakuja mbele ya bwana na firigisi haimo. Hapa kwetu kila mutu anajua firigisi ni ya mwenye nyumba, hata kama nyumba yenyewe inavuja. Maua ameionja jikoni, akaonja tena, ikaisha. Bwana anamwambia mbele ya wageni, "Rudi kwenu, ukafundishwe nani mwenye nyumba." Maua anarudi kwao, analima, analia, anaimba nyimbo nne, na mwishoni anakuja mwenyewe na kuku mukononi, anaipika, anapiga magoti, anamupa bwana firigisi kwenye sahani. Pazia. Watu wanapangusa macho, wanapiga makofi, wanaenda kunywa. Huo ndio muchezo.

Na Maua huyo alikuwa Cécilia. Ndiyo, muke wangu huyu huyu, nilimupatia pale. Yule kijana aliyecheza bwana, fundi wa baiskeli mwenye meno mazuri, akishapewa sahani alikuwa ananyoosha mukono amuguse. Amuguse kwa sababu gani? Mimi nikiwa pembeni na kamba mukononi sikungoja nijue. Nilivuta. Kwenye mazoezi sikuwa nafika, nilikuwa shambani kwa mupunga, kamba haihitaji mazoezi. Baba yako kila mwaka alinisihi, "Salomon, ngoja kidogo," nami nikamujibu mukono umechoka. Mwaka wa tatu nikamuoa Cécilia, na bado niliendelea kuvuta mapema, kwa usalama.

Sasa mwaka huu Élysée, yule kijana aliyejifunza kamera kule Kindu, ameugeuza muchezo wetu kuwa filimu. Waliionyesha Jumapili saa nane mchana katika sale, ule ukumbi wa parokia, madirisha yamefunikwa mablanketi, jenereta ya Djafari muuza duka inakohoa nje. Nilianza kukasirika mapema. Nyimbo nne zimebaki moja. Maua wa filimu analima na viatu vya harusi. Kwenye muchezo wetu nyumba ya Maua ilikuwa mukeka uliosimamishwa na vijiti viwili, na kila mutu aliiona nyumba. Kwenye filimu kuna nyumba ya kweli na mimi sikuiona, niliona tu mabati ya shemeji ya Élysée, nayajua, nilisaidia kuyapigilia. Djafari akaninong'oneza, "Lakini muzee, huku tunaona machozi kwa karibu. Zamani ulikuwa unaona mugongo tu." Nikamwambia machozi ya karibu hata kitunguu kinayaleta.

Basi Maua anarudi na kuku, anapika, anapiga magoti. Mukono wangu ukashika hewa. Pazia haiko. Bwana anapokea sahani, anamuinua Maua, anamukalisha kwenye kiti chake yeye mwenyewe, anamurudishia firigisi, na Maua anaila. Yote. Polepole. Sisi watu wazima tumetoka nyumbani kwetu kumutazama mutu anatafuna, mpaka anameza, halafu majina yakaanza kupanda.

Wanawake wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye mablanketi. Mimi nikasimama mbele ya ile mashini ya kurusha picha, kivuli changu kikajaa kitambaa chote, nikasema, "Huu iko wizi. Mumeharibu muchezo wa marehemu. Mwanaume anapokonywa firigisi mbele ya watoto, na munapiga makofi." Wazee wawili wakasema, "Kweli." Wengine wakasema, "Toka hapo, unafunika majina." Na kwenye benchi la wanawake nikasikia sauti ninayoijua, ya Cécilia mwenyewe: "Salomon, kaa chini. Maisha yako yote unasimama mahali pabaya."

Walicheka mpaka nje. Hata jenereta ilizimika.

Jumatano Cécilia akachinja jogoo. Sahani ikaja. Shingo iko, mapaja yako, firigisi haiko. Nikamuuliza iko wapi. Akasema, "Iko tumboni mwangu. Ukiitaka, leta kisu." Sasa Mama, mimi ni mutu wa matani, unanijua. Nilisema yale maneno ya muchezo, tena kwa sauti ya yule fundi wa baiskeli, kifua mbele: "Rudi kwenu, ukafundishwe nani mwenye nyumba." Ilikuwa muzaha. Yeye alinawa mikono, akafunga vitenge vyake, akapanda pikipiki, akaenda Wamaza kwa kaka yake Marcellin.

Hii ni wiki ya tatu. Nimefagia uwanja. Pikipiki ikipunguza mwendo natoka kutazama kama kuna mwanamuke na kuku. Zinapita. Nakula sombe ya jirani, yale majani ya muhogo, haina chumvi, na jirani anakaa karibu kunitazama nikiimaliza. Kitanda kimekuwa kipana, nageuka mara mbili bado sijafika ukingoni. Maua wetu alirudi mwenyewe, kila mwaka, miaka kumi na mmoja, na hakuna aliyemuita. Iko hii filimu iliyomufundisha muke wangu kutorudi.

Kwa hiyo naomba uitangaze kwa sauti, maana Cécilia anakuamini wewe kuliko padri: filimu imekosea, Élysée aufanye upya ule mwisho, na Cécilia arudi na kuku. Hata bila kuku. Lakini useme na kuku.

Salomon, Kasongo.

Na kitu kidogo. Baba yako aliniahidi atalitangaza jina langu pamoja na wachezaji, akafa hajalitangaza. Kwenye hii filimu lilipanda hata jina la aliyepika chai.

*

Baba Salomon, nakusalimia kwa heshima, halafu heshima naiweka pembeni kidogo kwa sababu nina kazi na wewe.

Kwanza pole. Mtu wa miaka yako kula sombe isiyo na chumvi huku anatazamwa mdomoni, hilo silicheki. Na nyimbo tatu zilizokatwa, hapo niko upande wako, nimemwambia Élysée usoni. Viatu vile pia. Umekaa umetazama, una haki ya kuichukia filimu.

Lakini mwisho wake hukuuchukia, baba. Hukuujua.

Mbele yangu hapa kuna kaye ya marehemu baba, lile daftari lake alimoandika mchezo. Élysée alikuja kuniomba, akakaa siku mbili kwenye baraza yangu akiunakili. Nakusomea ukurasa wa mwisho, baada ya Maua kupiga magoti: "Bwana anamwinua. Anamkalisha kwenye kiti chake. Anamrudishia firigisi. Maua anaila. Asiharakishe, watu wangoje." Haya ni maneno ya baba, yameandikwa kabla Élysée hajazaliwa. Ule mkono wa fundi wa baiskeli uliokunyima usingizi ulikuwa unamwinua Maua, basi. Kijana huyu hakubadilisha kitu. Aliyebadilisha ni wewe na kamba yako.

Sasa fikiri kidogo, maana kulalamika umeshamaliza. Mama Cécilia aliufanyia mazoezi ukurasa ule kila mwaka. Nilikuwepo, na makamasi yangu. Baba alikuwa anampa kipande cha muhogo atafune badala ya firigisi, na kila mmoja wetu alinyamaza mpaka amalize. Siku ya sikukuu inafika, amevaa, amepiga magoti, anangoja kuinuliwa, pazia linamfunika. Mara kumi na moja. Jumapili ile amemwona mwanamke mwingine akiufikisha mchezo mwisho kwa niaba yake, na kabla hajashusha mikono ya makofi, mume wake amesimama mbele ya mashini. Halafu unashangaa firigisi haikufika mezani.

Na ule mzaha wako. Mzaha gani unamfungisha mtu vitenge? Ulipomwona anapanda pikipiki ulikuwa na miguu, ulikuwa na mdomo. Ulisimama ukitazama kama mtu aliyelipia kiti.

Unamngoja Maua. Maua alirudi mwenyewe kwa sababu katekista alimwandika hivyo, na katekista alikuwa mseja, alijua ndoa kwa kuzisikiliza. Mimi alinilea tu kwa kuwa sikuwa na mwingine, nakuambia anachojua mtoto wake. Cécilia hajaandikwa na mtu. Huko Wamaza ana kaka, ana karanga zinazongoja kuvunwa, na chumvi ipo. Desturi ya watu wa kule unaijua vizuri, ulimtolea mahari huko huko: aliyemrudisha mke kwa mdomo wake, anamfuata kwa miguu yake.

Kwa hiyo acha kufagia. Tafuta kuku mzuri, usichukue yule wa jirani, na uende mwenyewe. Usimtume mtu, usimtume padri. Shuka kwenye pikipiki kabla ya kufika uani, umalizie kwa miguu ili waone unakuja. Kaa nje mpaka Marcellin akuite, hata akichelewa, na atachelewa. Ukiulizwa umekuja kufanya nini, jibu kwa sauti yako, sauti ya fundi wa baiskeli iache Kasongo. Kuku akishapikwa, firigisi unajua inakwenda kwa nani. Na usiinuke mpaka amemeza.

Mama Cécilia, najua unanisikia, usimfungie mlango. Lakini kuufungua pia usikimbilie.

Kuhusu jina lako, baba yangu hakukusahau. Limo kwenye kaye, chini kabisa ya ukurasa ule: "Pazia: Salomon. Asivute mapema."

Léocadie.

*

(Karatasi hii imeletwa na dereva wa pikipiki kutoka Wamaza.)

Mama Mushauri, nimefika. Shemeji Marcellin aliniacha nje tangu asubuhi, nimekaa juu ya kinu, mpaka ile kuku ikataga miguuni kwangu. Akatoka, akatazama yai, akasema, "Sasa umeleta mbili, ingia."

Cécilia alipika. Sahani ikawekwa mbele yangu, nikaichukua nikaipeleka mbele yake, na kwa sababu kiti kilikuwa kimoja mimi nikakaa chini kwenye mukeka. Akaila. Hakuharakisha hata kidogo. Mama, ule ukurasa iko murefu, sikujua. Watoto wa Marcellin walinyamaza wote. Mimi nilishika mikono yangu, mukono huu ukashika huu.

Alipomaliza akapangusa midomo, akanitazama huko chini nilipo, akasema, "Haya Salomon. Sasa vuta."

Tunarudi Jumamosi, karanga zikiisha kuvunwa, nami navuna, mugongo unaniuma. Sasa ile ahadi ya baba yako naidai kwako. Umwambie Élysée, pale majina yanapopanda, baada ya yule wa chai, aandike "Pazia: Salomon." Yale maneno mawili mengine yabaki kwenye kaye.